Malalamiko ya Marehemu Mtarajiwa Kuhusu Kinoo cha Mfukoni

Bunia, Jumatano, baada ya uji

Kwa Ndugu Gaspard,
Rais wa Kamati ya Maandalizi ya Mazishi Yangu,
Sebuleni, upande wa pili wa ukuta.

Nakala kwa taarifa: Françoise, binti yangu na mweka hazina, Katsuva, mume wake na katibu, Mzee Rachidi, jirani na mchinjaji, ng'ombe (asomewe).

Kuhusu: Kuchagua kifaa chepesi cha kunolea visu, cha kutumika nje, kabla sijafa.

Mheshimiwa Rais, Gaspard, mwana wa ndugu yangu na mwanangu,

Nakusalimu kutoka kitandani, ambako, kama unavyojua, nimewekwa kwa muda. Naandika nimelala, kwa hiyo ukiona herufi zinacheza usidhani ni furaha. Ingawa leo, sitakuficha, furaha nayo imo. Daktari alikuja majuma mawili yaliyopita, akanisikiliza kifua, akamwita Françoise barazani, wakanong'ona. Tangu hapo kila anayeingia chumbani ananiletea chungwa. Mtu anayeletewa machungwa mengi kiasi hiki anaielewa hali yake bila kufafanuliwa.

Sina ugomvi na kufa. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, nimezoea kengele. Ugomvi wangu ni na Kamati yako. Nakuomba usome malalamiko haya kwa mpangilio wake bila kuruka namba, maana nimeziweka makusudi ili tusigombane.

1. Kwamba Kamati ya mazishi inakutana bila mhusika.

Mnakutana sebuleni. Mimi nalala chumba kinachofuata. Katika mwili huu magoti yamestaafu, macho yapo likizo, meno yalihama zamani bila kuaga, lakini masikio bado yanakuja kazini kila siku. Mkinong'ona ndipo nasikia vizuri zaidi, kwa sababu kabla ya kunong'ona huwa mnazima redio. Jumapili nilimsikia Katsuva akiuliza, "Muzee haiko anatusikia?" Na wewe, Rais, ukamjibu, "Hapana, iko analala." Kisha ukapaza sauti na kuendelea na ajenda ya jeneza.

Naomba kuingizwa katika Kamati kama mjumbe, hata kama sina kura. Si adabu kumwandalia mtu sherehe kubwa kuliko harusi yake, halafu yeye peke yake ndiye asiyealikwa.

2. Kwamba mmepanga kila kitu isipokuwa makali.

Nimeyasikia yote. Hema lipo. Viti vya plastiki vipo. Kwaya ya akina mama imeanza mazoezi, na sauti ya pili bado iko juu mno, waambie. Fulana zitachapwa picha yangu, ile ya mwaka niliostaafu, ambamo nina shingo. Masufuria yataazimwa parokiani. Ng'ombe ameshanunuliwa na amefungwa nje ya dirisha langu, kwenye mpera, ambapo binti yangu anamlisha majani ya viazi mara nyingi kuliko anavyonilisha mimi. Tunatazamana mchana kutwa, mimi na yeye, kama watahiniwa wawili wanaongojea matokeo ya mtihani mmoja.

Lakini makali ya visu? Hakuna aliyeyataja.

Mwanangu, nimehudhuria vilio vingi kuliko wewe, na najua kinachoharibu kilio. Si mvua, wala si mhubiri mrefu. Ni kisu butu. Mnyama anaanguka asubuhi, moto uko tayari, akina mama wameshakunja mikono, na vijana wenye nguvu wanamzunguka wakimkwaruza kama watu wanaotafuta funguo gizani. Mmoja anakimbia kuazima kisu kwa jirani. Jirani anampa kile cha kupakia siagi. Watu wanangoja. Wanaimba tena nyimbo walizokwisha kuimba. Na marehemu aliyesifiwa asubuhi kuwa baba wa wote, jua likishuka bila nyama anaanza kukumbukwa vizuri zaidi, yaani jinsi alivyokuwa kweli.

Unakikumbuka kilio cha mke wangu, Immaculée, Mungu amrehemu. Visu vilikuwa butu hata mkavisugua kwenye ukingo wa baraza. Mfereji mliouchimba siku ile upo mpaka leo. Maji ya mvua yanapita humo, na mimi naegemeza fimbo yangu humo. Imeenea kabisa, utasema fundi alipima.

Siku ile dada yangu Emérance alikuwa ametoka Boga, na unajua barabara ya Boga. Alikuwa dada wa mwenye nyumba; sahani ya kwanza ilikuwa yake. Akapewa ya mwisho, jioni, na ndani yake kipande kimoja kilichonyofolewa pamoja na ngozi, manyoya yamesimama. Akakiinua juu kila mtu akione.

"Athanase," akasema, "kipande hii iko na ngozi."

Na mimi, mgane wa siku mbili, mwalimu wa Kiswahili, mbele ya umati wote nikajibu: "Kipande hiki kina ngozi."

Nilidhani watu watacheka. Nilicheka peke yangu. Emérance akaweka sahani chini, akakaza kitenge chake, akasema, "Nitarudi mu hii nyumba siku ya kukuzika." Akaenda kutafuta gari. Na Mungu anisamehe, hata akiwa amenipa mgongo bado moyoni nilikuwa nasahihisha: katika nyumba hii.

Hajarudi. Simu yangu haipokei. Tulikuwa saba katika tumbo la mama yetu, tumebaki yeye na mimi, na kati yetu pamelala kipande kimoja cha nyama chenye manyoya. Sasa unaelewa, Mheshimiwa Rais, kwamba ninapoandika habari za visu siandiki habari za visu tu. Nataka kumwona Emérance. Nataka ale kwangu, sahani ya kwanza, nyama iliyokatwa sawasawa. Hilo ndilo ombi langu la mwisho, na mengine yote katika barua hii ni matairi ya kulibeba.

3. Kwamba ng'ombe anaona.

Mzee Rachidi, ambaye kabla ya kufungua bucheri yake hapa mtaani alikuwa akichimba dhahabu huko Kilo, amekubali kuchinja yeye, ili Waislamu na Wakristo wale chungu kimoja. Nilimshukuru. Alikaa hapa kwenye kiti cha Françoise, akamenya chungwa langu, akala, akaniambia: "Nitachinja miye, Muzee, usiwe na wasiwasi. Lakini mnyama asione kisu yake iko inanolewa. Kwetu ni vibaya. Na kwenu pia ni vibaya, tu hamujajua."

Sasa fikiria uwanja wetu. Jiwe la kunolea tulilo nalo ni lile kubwa la karibu na bomba, ambalo mafundi walilishindwa walipojenga nyumba, wakalizunguka. Halibebeki. Ng'ombe amefungwa akilielekea. Nimemshauri Françoise amgeuze. Alijaribu, akamsukuma, akamwimbia, lakini mnyama aliyenenepa kwa majani ya viazi hageuzwi na binti wa mwalimu. Jiwe halisogei na ng'ombe hasogei. Kilichobaki kusogea ni kinoo.

Hapo ndipo linapoingia neno "chepesi", na neno "cha mfukoni", na neno "cha kutumika nje". Mliposikia mimi nataka kifaa cha kubebeka mlisema Muzee amerudia utoto. Hapana. Nataka Rachidi aweze kwenda nyuma ya choo, anoe kwa staha, arudi akitabasamu.

4. Namba nne nimeisahau. Itarudi.

5. Kwamba mapendekezo ya Kamati ni ya hatari kwa umma.

Jumapili ileile, mlipofika "mengineyo", nilipiga ukuta kwa fimbo na kuuliza, "Na visu?" Nilisikia kiti kikianguka. Nafikiri alikuwa katibu. Mkaanza kujadili kwa haraka ya watu waliofumaniwa, na haya ndiyo mliyonipendekezea.

Wewe, kwa kuwa unauza vifaa vya ujenzi, ulitaka mashine ya umeme, ile ya kukatia vyuma, iunganishwe na jenereta. Mwanangu! Jenereta hiyohiyo itabeba spika, friji ya vinywaji na kipaza sauti cha mhubiri. Kila kisu kitakaponolewa, Neno la Mungu litakatika katikati. Watu watasikia "Heri wenye", kisha cheche, kisha "maana hao", na hakuna atakayejua ni nani aliyebarikiwa.

Joëlle, mke wako, ameona katika simu kibamba cha chuma kilichopakwa vumbi la almasi. Kinaingia kwenye mfuko wa shati, hakitaki maji wala mafuta, na kwa kweli kilinivutia. Lakini nusu ya wageni wetu ni mashemeji kutoka machimboni. Sema neno almasi mbele ya watu wa Kilo, halafu uniambie kama kibamba hicho kitafika jioni kikiwa na vumbi lake. Wataaga maiti mmoja mmoja, kila mmoja na wembe wa kukwangulia.

Katsuva alileta kile cha plastiki chenye nafasi mbili, unapitisha kisu humo kama unachonga kalamu. Nilikijaribu hapa kitandani. Kisu kilikuwa kikali, sikatai, lakini shuka lilijaa unga wa chuma. Kwa mwendo huo, tukifika kwenye miguu ya nyuma ya ng'ombe, Rachidi atakuwa ameshika sindano.

Binti yangu Françoise, ambaye hupenda kumaliza mambo, alisema tutageuza sahani na kunolea matako yake, kama afanyavyo jikoni. Ni kweli inafaa. Lakini sahani zikigeuzwa wageni watakula juu ya nini?

Kinachotakiwa ni hiki, na nimekifikiria kwa utulivu wa mtu asiye na mahali pa kwenda: kinoo kinachojaa kiganjani, kinachonoa kikavu na kikilowa, maana mwezi huu mvua haitoi taarifa, kisicho na betri, kisichopiga kelele wakati wa sala, kinachokubali kisu kidogo cha vitunguu na panga la kupasulia mbavu, na ambacho mtu aliyenililia kwa chupa mbili tatu anaweza kukitumia bila kupoteza kidole gumba. Je, ni mengi? Kwa jeneza mlidai vishikio vya dhahabu bandia.

6. Kwamba katibu wa Kamati alinitangaza mji mzima kuwa mtu hatari.

Hapa nakubali kwamba sehemu ya kosa ni ya kamusi.

Kile chuma cha mviringo ambacho wachinjaji hukipitishia kisu, fya, fya, fya, Wafaransa wanakiita fusil. Wakati huohuo, bunduki nayo wanaiita fusil. Ni uzembe wao, si wangu. Mimi, kwa kuwa nilisomeshwa na mapadri waliotuadhibu tukikosea jina la kitu, nilimtuma Katsuva sokoni na karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa safi: fusil ya mfukoni, ya matumizi ya nje.

Katsuva ni mfanyabiashara kutoka Butembo. Hajui kuingia dukani bila kuongea. Angetoa karatasi tu, labda. Lakini aliikunja, akaiegemea meza ya muuzaji, na haya ni maneno yake mwenyewe kama alivyoyarudia mbele yangu huku akifuta jasho:

"Niko natafuta fusil."

"Fusil, papa?"

"Ya kidogo. Ya kuingia mu mufuko. Ile munene siwezi kutembea nayo mbele ya batu."

"Ya kufanya nayo nini?"

"Ya kilio. Muzee wetu iko karibu kufa, tunapenda ikuwe tayari mbele batu bafike."

"Batu wangapi?"

"Kama mia tatu. Bakizidi, tutaongeza visu."

Muuzaji alishusha mlango wa duka naye Katsuva akiwa bado ndani, akaita askari. Mimi niliposimuliwa nilicheka hadi Françoise akaleta maji. Kisha nikaona haya, kwa maana mji wetu umeshasikia milio ya kutosha na neno hilo halina mzaha hapa. Askari waliokuja walikuwa vijana wenye adabu. Walimpa kiti. Mkubwa wao aliletewa kamusi yangu, akaifungua mwenyewe, akafika kwenye neno, akasoma maana ya kwanza, akaifunga. Ile ya mchinjaji iko mbele zaidi, karibu na mwisho. Hakufika huko. Ilibidi Rachidi aende na chuma chake cha bucherini, asimame mbele ya meza, anoe kisu, fya, fya, fya, mpaka mkubwa yule akaomba naye ajaribu. Katsuva alirudi nyumbani salama, lakini mtaani wanamwita Komando, na hapendi.

Kamati ikaamua kwamba neno hilo lisitamkwe tena katika nyumba hii. Vema. Nikatoa badala yake neno la Kiswahili sanifu, kinoo, ambalo nililifundisha miaka na miaka. Mkaitikia wote kwamba mmeelewa. Kisha Joëlle akaniletea kinu.

Matokeo ni kwamba mpaka leo hakuna kilichochaguliwa. Mnakiita "kile kitu". Watu hawawezi kununua kitu wasichothubutu kukitaja.

7. Kwamba kifaa cha nje hujaribiwa nje.

Natoa sasa pendekezo, na nakuomba ulisome ukiwa umeketi.

Mkusanye vyote: kibamba cha Joëlle, kile cha plastiki, na Rachidi alete chuma chake. Lakini havijaribiwi kwenye shuka langu. Kinoo cha nje hujaribiwa nje. Nacho hujaribiwa kwa kisu, na kisu hujaribiwa kwa nyama, na nyama ya kilio si nyama ya familia ya watu watano. Ni nyama ya umati wenye njaa, wenye haraka, chini ya hema, kwaya ikiimba, mvua ikitishia. Kwa hiyo ili kujua ni kinoo kipi kinafaa kwa mazishi yangu, hatuna budi kuyafanya mazishi yangu.

Siyo yote. Kaburi tuliache. Lakini hema lifungwe, fulana zivaliwe, wageni waitwe, ng'ombe achinjwe. Mimi nitakaa mbele, mahali palipotengwa kwa ajili ya jeneza, juu ya kiti kile chekundu, na nitatoa alama juu ya kumi. Hotuba zisomwe. Nitasahihisha tarehe. Nawe, Mheshimiwa Rais, utakuwa kiongozi wa kwanza katika Ituri nzima kupewa na marehemu mwenyewe shukrani kwa mdomo.

Utasema jambo hili halijawahi kufanyika. Ndiyo maana visu vimekuwa butu siku zote: kila marehemu alikuja kwenye kilio chake bila mazoezi.

8. Kwamba, Kamati ikikataa, nasitisha kufa.

Simtishi mtu kwa maneno makali. Natumia haki yangu. Kuanzia leo nakunywa dawa zote, hata ile ya kijani. Nakula uji wote na kuomba mwingine. Machungwa nayamaliza mimi, si Rachidi. Hema mlilokodi lina tarehe yake, kwaya ina ratiba yake, ng'ombe anakula kila siku. Tutaona nani atachoka kwanza.

Sasa namba nne.

Sikuisahau, mwanangu. Niliiruka kwa woga, na kwa kuwa huu ni wakati wa mtu kama mimi kutubu, natubu kwako.

4. Kwamba nimekwisha kufa, upande wa Boga.

Juma lililopita Alphonse, dereva wa gari la Boga, aliingia kunisalimu. Nikamwomba afunge mlango. Nikamwambia: "Fika kwa dada yangu Emérance, mwambie Athanase amekufa. Aje kwa mazishi."

Akanitazama. "Lakini Muzee, iko unaongea."

"Weye ni dereva au ni daktari?"

Akafikiri. "Niseme umekufa saa ngapi?"

"Sema asubuhi. Kabla ya chai."

Hakufurahi, lakini ananiheshimu, nilimfundisha kusoma. Akaondoka akitembea kinyumenyume mpaka mlangoni, kama anavyofanya mtu mbele ya maiti, labda kwa kujizoeza.

Hiyo ndiyo toba yangu. Dada yangu aliapa kurudi siku ya kunizika tu. Basi nimempa hiyo siku. Daktari ananong'ona, ningefanya nini? Nikingoja kufa kweli, atakuja, atakaa sebuleni na shanga zake, atakula sahani ya kwanza, na mimi ndiye sitamwona. Kwa hiyo yuko njiani, ama leo ama kesho, anakuja kwenye kilio. Akikuta hakuna hema, hakuna kwaya, na mimi nimekaa nakunywa uji, atageuka na safari hii hata siku ya kuzikwa kwangu hataitambua. Lakini akikuta kilio kinaendelea, ng'ombe amechinjwa, akapewa sahani ya kwanza, nyama imekatwa kwa kisu kikali kama karatasi, hana manyoya ya kuinua juu. Na atakapokuwa ameshameza ndipo niko radhi anione. Mtu aliyeshiba ni vigumu kumkasirikia maiti.

Unaona sasa kwa nini nina haraka ya kinoo. Tafadhali, Gaspard. Leo. Hata kile cha plastiki.

Naufunga waraka huu kwa moyo mkunjufu na mgongo unaouma. Wasalimie wajumbe wote wa Kamati. Msalimie Joëlle, mwambie kinu kimenifaa, naweka miwani humo. Msalimie Komando na umwombe radhi kwa niaba ya lugha ya Kifaransa. Wasalimie wanakwaya, hasa sauti ya pili. Msalimie mchonga jeneza na umwambie kifua changu kimepungua, apunguze mbao. Na jirani zetu wote, wa msikitini na wa kanisani, waambie nawaalika kwenye mazishi yangu na mimi nitakuwepo, Mungu akipenda.

Ni mimi baba yako mkubwa, mwenye kusubiri majibu akiwa bado hai,

Athanase,
mwalimu mstaafu, marehemu mtarajiwa.

N.B. Usinunue kitu.

Nilipokuwa napuliza wino ukauke, nilisikia gari likisimama, na sauti barazani ikiuliza maiti iko wapi. Emérance. Amekuwa mdogo, amekuwa kama mama yetu kabisa. Alisimama mlangoni akanitazama, nami nikafumba macho, nikajaribu kutopumua. Akasema, "Fungua macho. Unakufa vibaya."

Anasema alijua tangu Boga. Alphonse alivua kofia mbele yake, akainamisha kichwa, akatangaza: "Mama, Muzee Athanase amekufa asubuhi, na anakusalimia sana." Anasema alicheka mpaka akakaa chini, akacheka akifunga mzigo, na abiria wote walicheka naye mpaka huku. Nikamuuliza, basi kama ulijua mimi ni mzima, mbona umekuja? Akanijibu kwamba nimeuliza swali la kijinga.

Nyama hali tena. Daktari wa Boga amemkataza, na meno hana, kama mimi. Françoise ametupa maharage, sahani moja na vijiko viwili, tumekaa ukingoni mwa baraza na miguu yetu katika ule mfereji. Mfungue ng'ombe, mwanangu; anatutazama sisi sasa. Barua hii nilitaka kuichana, lakini Emérance amesomewa, amesema ni nzuri, niitume upande wa pili wa ukuta.

Ameinua kijiko chake mbele ya uso wangu, akakigeuza huku na huku. "Athanase," amesema, "kijiko hii haina haja ya kunolewa."

Sikumsahihisha.